Mchungaji Huhamishwa, Mzee Hubaki: Mbinu za Kutatua Mvutano wa Viongozi Kanisani

Ukiketi na wazee wa kanisa wa Karatina, Othaya au Kerugoya, katika eneo la Mlima Kenya, wakueleze ni kikao gani kiliwahi kuvunjika kwao, hutasikia habari za Utatu Mtakatifu. Utasikia habari za paa, za miti iliyokatwa na kuuzwa, za hesabu ya harambee, za saa ya ibada ya vijana, za mazishi yaliyokataliwa, na za mchungaji aliyeondoka bila kuaga. Imani inawaunganisha. Kinachowagombanisha ni uendeshaji.

Chini ya mambo hayo yote kuna chanzo kimoja kinachojirudia: mchungaji na mzee hawahesabu muda kwa kalenda moja. Mchungaji wa PCEA (Kanisa la Presbiteri), kasisi wa ACK (Kanisa la Anglikana), padri wa Katoliki na mhudumu wa Methodisti wote hupangiwa vituo na wakubwa wao. Anapofika Mukurwe-ini au Naro Moru, anajua ana miaka michache, na angependa kuiona kazi yake kabla ya kuondoka. Mzee alibatizwa hapo. Wazazi wake walibeba mawe ya msingi, watoto wake wamefungia ndoa hapo, na yeye mwenyewe anatarajia kuzikwa kutoka hapo. Amewaona wachungaji wengi wakija na mipango na kuondoka na mipango yao. Kwa mchungaji, mzee anachelewesha kazi ya Mungu. Kwa mzee, mchungaji ana haraka ya mpita njia. Wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Kwa hiyo mvutano huu hautaondoka kwa kubadilisha watu. Akija mwingine, kalenda zitatofautiana vilevile. Dawa yake ni utaratibu uliokubaliwa mapema, wakati watu bado wanacheka pamoja kwenye chai baada ya ibada. Mbinu zinazofuata ni kwa ajili ya wote wawili. Ninaposema mchungaji ninamhesabu kasisi na padri pia. Ninaposema mzee ninamhesabu mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina na kiongozi wa akina mama.

1. Jueni nani ana kauli ya mwisho

Ugomvi mwingi huzaliwa na dhana potovu kuhusu mamlaka. Watu wa eneo hili huhama makanisa kwa ndoa na kwa kazi, na kila mmoja huja na mazoea ya alikotoka.

Katika PCEA, mzee hutawazwa, na baraza la wazee ndilo linaloongoza. Mchungaji hukaa kitini kama moderata, na juu yao kuna presbiteri na Mkutano Mkuu, ambako wachungaji na wazee huamua pamoja. Mchungaji wa PCEA anayetoa amri peke yake kama askofu amekosea kanisa.

Kwa Wakatoliki ni tofauti. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 536, inalipa baraza la parokia nafasi ya kushauri tu. Mwenyekiti anayesema “tumepiga kura, padri hana budi kutii” anadai asichopewa. Lakini kanuni inayofuata, ya 537, inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na padri anayeshika hesabu peke yake naye amekwenda kinyume na sheria hiyohiyo.

ACK iko katikati: kasisi hufanya kazi chini ya askofu, lakini halmashauri za parishi na sinodi zina walei wenye kura. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste, mwanzilishi ndiye mchungaji, ndiye mwenyekiti, na hakuna ngazi ya juu yake. Huko ni lazima katiba iliyopelekwa kwa Msajili wa Vyama itaje wazi ni nani atakayeitwa kusuluhisha yeye anapokuwa upande mmoja wa ugomvi.

Fanyeni hivi: katika mwezi wa kwanza wa mchungaji mpya, tengeni kikao kimoja cha kusoma katiba na kanuni, bila ajenda nyingine. Kisha andikeni ukurasa mmoja wenye safu nne: jambo, anayependekeza, anayeamua, anayearifiwa. Jazeni mambo ya kila siku: kuajiri mlinzi, kukodisha ukumbi, kukata miti, kubadilisha saa ya ibada, kualika mhubiri mgeni, kuanzisha mchango mpya. Mtashangaa ni mambo mangapi ambayo kila upande ulidhani ni yake.

2. Mpokeeni mchungaji kwa makabidhiano, si kwa sherehe tu

Siku ya kumpokea mchungaji kuna nyimbo, zawadi, na pengine mbuzi. Kinachosahaulika ni karatasi. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanisani mpe jembe, lakini mwonyeshe pia mipaka ya shamba.

Makabidhiano yawe na vitu hivi: salio la kila akaunti, madeni, nakala za hati za ardhi, orodha ya mali, maamuzi ya vikao ambayo hayajatekelezwa, na migogoro iliyopo. Hilo la mwisho ndilo zito. Mchungaji asiyeambiwa kwamba familia mbili zimegombania kipande cha ardhi ya kanisa tangu wakati wa babu zao atatembelea moja, atakunywa chai, na kesho yake atakuwa adui wa nyingine.

Mchungaji naye, miezi yako mitatu ya kwanza usibadilishe saa ya ibada, usihamishe madhabahu, usivunje kamati. Tembea. Ingia nyumba za wazee, ule chakula chao, uulize kanisa lilijengwaje na nani alitoa nini. Ukiwa na miaka 33 na mzee ana 70, ziara ya nyumbani itakupa kibali ambacho barua ya askofu haiwezi kukupa.

3. Tafuteni ugomvi ni wa nini hasa

Kabla ya kuita kikao, kila upande ujibu maswali manne kwa maandishi. Jambo hili ni la imani, la kanuni, la fedha au la heshima? Nani ameathirika? Tunataka nini kibadilike? Tuko tayari kuachia nini?

Swali la kwanza ndilo ufunguo, kwa sababu ugomvi wa heshima hupenda kuvaa nguo za ugomvi wa fedha. Mzee anadai hesabu za paa, lakini kilichomuuma ni kwamba siku ya kuweka wakfu jengo jina lake halikutajwa katika shukrani, na yeye ndiye aliyelala nje akilinda saruji. Mchungaji analalamikia nidhamu ya baraza, lakini kilichomuuma ni kuitwa “huyu kijana” mbele ya mke wake. Mkileta risiti mahali panapohitaji radhi, mtabishana juu ya risiti mpaka usiku. Na mkiombana radhi mahali panapohitaji risiti, fedha itaendelea kupotea.

4. Anzeni wawili, na mwambiane maneno ya wazi

Mathayo 18 inaweka ngazi: kwanza wewe na ndugu yako, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Makanisa yetu huifahamu sura hiyo kwa moyo na kuifuata kinyumenyume. Jambo huanzia kundi la WhatsApp, likafika mimbarani, na wahusika wawili huwa wa mwisho kuzungumza.

Ukienda kwa mwenzako, taja tendo, wala usihukumu tabia. Mchungaji aseme: “Mzee wangu, Jumapili ulisema hesabu za paa hazieleweki. Nimekuja na kitabu. Nionyeshe ni wapi pana utata tuangalie pamoja.” Mzee aseme: “Mchungaji, saa ya ibada imebadilika bila kikao. Sikatai saa mpya. Nakataa kuisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeketi kwenye benchi.” Maneno kama hayo yanampa mwenzako mahali pa kujibia. “Wewe una kiburi” hayampi.

Mkizungumza mara mbili bila kuelewana, chukueni mtu wa tatu mnayemheshimu wote. Asiwe jamaa wa yeyote, wala mtu ambaye mmoja wenu anamdai.

5. Kikao kiendeshwe kwa kanuni

Jambo likifika kwenye baraza, zingatieni mambo sita.

Kwanza, mwenye kesi asikae kitini. Ikiwa jambo linamhusu mchungaji, ombeni ngazi ya juu imtume mchungaji wa parishi jirani aongoze. Ikiwa linamhusu katibu, mwingine aandike kumbukumbu.

Pili, ajenda itumwe kwa maandishi juma moja kabla. Jambo lililofichwa chini ya “mengineyo” lisijadiliwe siku hiyo.

Tatu, kila upande uanze kwa kueleza hoja ya upande wa pili mpaka wenyewe waseme, “Ndiyo, hivyo ndivyo tulivyomaanisha.” Zoezi hili linachukua dakika ishirini na linaokoa miezi.

Nne, wanaokaa kimya waulizwe mmoja mmoja. Katika mabaraza mengi wanawake ndio wanaojaza viti Jumapili na kufanya kazi ya michango, lakini wanaume wawili watatu ndio wanaosikika. PCEA ilimtawaza mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Tangu hapo hakuna sababu ya kiongozi wa Woman's Guild, chama cha akina mama, kuitwa kikaoni kutoa ripoti ya chakula peke yake.

Tano, kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe.

Sita, kumbukumbu zisomwe kabla ya sala ya kufunga, watu wazikubali wangali wamekaa. Na msifunge kikao kwa kusema “hili tumemwachia Mungu” ikiwa hamjaamua chochote. Kumwachia Mungu kusiwe jina lingine la kuahirisha.

6. Fedha na ardhi: pasiwe na giza

Hakuna mahali panapohitaji mwanga kama hapa. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja, kiasi kiandikwe na kutiwa sahihi papo hapo. Fedha za simu ziingie kwenye namba ya kanisa. Zikiingia kwenye simu ya mchungaji au ya mweka hazina, hata kwa siku moja, mmepanda mbegu ya ugomvi. Akaunti ya ujenzi itengwe na akaunti ya matumizi. Mchungaji asiwe mtia sahihi wa pekee, na kamati ya ujenzi isiwe na yule anayeuza kokoto.

Ratibisheni michango na mapato ya watu. Mkulima wa chai wa Othaya au Tetu hupata bonasi yake mwezi Oktoba. Wa kahawa wa Mathira husubiri malipo ya chama chake. Mchungaji anayeweka ahadi za ujenzi mwezi wa Januari, karo zinapolipwa, atawaona wazee kama wagumu wa mkono. Si wagumu. Mifuko ni mitupu.

Zungumzeni pia na mchungaji kuhusu mahitaji yake bila haya. Parishi ndogo hurudi nyuma katika malipo, halafu watu hunong'ona kwamba mchungaji anapenda bahasha za mazishi. Mkishindwa kumlipa, mwambieni mapema na kwa maandishi, na mseme mtalipa lini.

Kuhusu ardhi, makanisa mengi ya vijijini yamesimama juu ya shamba alilotoa mzee mmoja kwa neno la mdomo. Yeye amefariki, ardhi imepanda bei, na wajukuu wanahesabu ekari. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kama hati bado ina jina la marehemu, kaeni na familia yake mapema, mpate wakili, na mhamishie ardhi kwa wadhamini waliosajiliwa wa kanisa. Kazi hiyo ifanywe na mchungaji na wazee pamoja, ili asije mmoja akaitwa mwizi.

7. Lugha, vijana na namna ya kuabudu

Nanyuki si kijiji kama Gikondi. Nanyuki kuna Wakikuyu, Wameru, Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Waborana, wanajeshi na wafanyakazi wa hoteli kutoka kila pembe ya Kenya. Hata Nyeri mjini, pamoja na vyuo na ofisi zake, si mji wa lugha moja. Bado baraza la wazee likikutana huzungumza Kikuyu, kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, na mhasibu kutoka Kakamega aliyetoa ahadi kubwa ya ujenzi anabaki akitabasamu bila kuelewa.

Matendo 6 ina kesi kama hii. Wajane wa waumini waliosema Kigiriki walisahaulika katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wajifunze lugha ya wenyeji. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Walioonewa walikabidhiwa usimamizi.

Fanyeni vivyo hivyo. Kama kanisa lina ibada ya Kikuyu na ya Kiswahili, kila ibada iwe na wawakilishi kamili katika baraza, na kikao kiendeshwe kwa lugha inayoeleweka na wote. Saa nzuri isimilikiwe na kundi moja. Badilishaneni kila robo ya mwaka. Wazee wanaopenda Kikuyu wasibezwe: kwao ni lugha ya sala waliyofundishwa na mama zao, na kuiondoa kwa tangazo ni kuwaondoa wao.

Kuhusu vijana na kelele za vyombo, eneo hili lina mfano wake mzuri. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda, ulifika Ukikuyu mwaka 1937. Waliookoka walikuwa na ushirika wao, ushuhuda wao na nyimbo zao, na baadhi ya viongozi waliwaona wakorofi. Lakini wengi wao walibaki ndani ya Anglikana na Presbiteri, na mmoja wao, Obadiah Kariuki, baadaye akawa askofu. Walipewa nafasi ya kukutana katikati ya juma bila kulazimika kuanzisha kanisa. Vijana wenu wakiomba kesha la mwezi, wapeni ukumbi, mzee mmoja wa kukesha nao, na bajeti. Mkiwanyima, hawataacha kuimba. Wataimba kwenye kanisa la mabati lililofunguliwa karibu na soko.

8. Mila: msiwatake watu sahihi kabla ya mazungumzo

Katika miaka ya karibuni PCEA imewakataza waumini wake kujiunga na mabaraza ya mila ya Kiama kia Ma na kutoa mbuzi wa kiama. Kanisa linaona humo viapo na ibada zisizopatana na Kristo. Wanaume waliojiunga wanasema wanajifunza heshima na malezi ya wavulana katika nchi ambako pombe imemaliza vijana. Na baadhi yao ni nguzo za makanisa yao. Hapa mchungaji anatakiwa kutekeleza azimio la juu dhidi ya watu anaokaa nao kikaoni.

Kabla hajaanza, na akumbuke mwaka 1929. Wamisionari wa Church of Scotland, akiwemo Dkt. John Arthur wa Thogoto, waliwataka walimu na waumini watie sahihi au alama ya kidole kukana tohara ya wanawake na kujitenga na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Jambo la afya lilifungwa kamba moja na jambo la siasa, na watu wakatakiwa kuchagua kwa haraka. Shule na makanisa yakamwagika. Wimbo wa Muthirigu ukaenea kuwakejeli wamisionari, serikali ikaupiga marufuku. Kutokana na mpasuko ule zilizaliwa shule huru, na pia makanisa huru ya AIPCA na Othodoksi. Mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander aliletwa kutoka Afrika Kusini kuwafunza na kuwatawaza makasisi wao.

Kuhusu tohara yenyewe wamisionari walikuwa na hoja nzito, na leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaipiga marufuku. Lakini njia waliyotumia iliwageuza hata waliokuwa tayari kusikiliza kuwa wapinzani.

Kwa hiyo, mchungaji, tenganisha mambo. Orodhesha kwa haki yale yanayofanyika kiamani: lipi ni malezi, lipi ni sherehe, lipi ni kiapo. Fundisha kwanza, kwa vikao kadhaa, ukiwaruhusu wahusika waeleze kwa vinywa vyao. Zungumza na kila mzee faraghani. Adhabu ya kanisa iwe ya mwisho, itolewe na baraza kwa utaratibu, na isisomwe kama tangazo la polisi. Nawe mzee, kama umefanya uchaguzi wako, usiufiche. Sema mbele ya baraza na ukubali matokeo, maana kiti cha mzee wa kanisa ni utumishi.

9. Mwanasiasa na bahasha yake

Bahasha moja ya mwanasiasa inaweza kumgombanisha mchungaji na wazee kwa mwaka mzima: nani alimwalika, nani alipokea, nani alimruhusu kushika kipaza sauti. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa ACK alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini kanisani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliagiza mamilioni yaliyotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto jijini humo yarudishwe. Maagizo ya juu yapo, lakini simu ya mbunge hupigwa kwa mzee wa kijijini.

Andikeni azimio fupi la baraza: mgeni wa kisiasa atakaa na waumini wengine, atatambuliwa kwa jina tu, mchango wake utaandikwa kama wa mtu mwingine yeyote, na mwaliko wa harambee hautatolewa na mtu mmoja. Mzee akipigiwa simu, ajibu kwa utulivu: “Mheshimiwa, baraza letu lina azimio.” Azimio linamlinda yeye kuliko linavyomlinda mchungaji.

10. Mkishindwa, pandeni ngazi, msiruke

Kila kanisa lina ngazi: presbiteri, dayosisi, jimbo, sinodi. Andikeni barua moja yenye sahihi, ambatisheni kumbukumbu za vikao, na msubiri jibu. Msiende na umati, msiende kwa mwandishi wa habari kwanza.

Mnaweza pia kutumia msuluhishi wa nje. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi, kwa hiyo hata mkifika mbele ya hakimu mnaweza kuulizwa kama mmejaribu njia hizo.

Mahakamani ni pa mwisho, lakini si pa kudharau. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inataka mwajiriwa aelezwe kosa na asikizwe kabla ya kuachishwa kazi. Mwaka 2016 mahakama ya kazi mjini Nyeri iliamua kesi kwa upande wa makasisi watatu wa ACK walioondolewa kazini katika Dayosisi ya Mount Kenya West. Kola ya ukasisi haiondoi haki ya kusikizwa. Tazameni pia AIPCA, kanisa lililozaliwa na madai ya uhuru, ambalo viongozi wake wamepelekana mahakamani kwa miaka mingi. Hukumu inaweza kusema ofisi ni ya nani. Haiwezi kuwarudisha waumini waliochoka wakaenda zao.

Msidhani pia kwamba uhamisho ni suluhisho. Katika miaka ya 1980 Mchungaji Timothy Njoya, aliyekuwa akiikosoa serikali ya Rais Moi kutoka mimbari ya St. Andrew's jijini Nairobi, alihamishiwa Nyeri. Hakunyamaza: siku ya Mwaka Mpya wa 1990 alihubiri akihoji mfumo wa chama kimoja utadumu hadi lini. Mkimhamisha mchungaji bila kumaliza jambo, mmempa jirani yenu ugomvi na mmebakiza mizizi kwenu.

Mambo matano ya kutofanya, hata mkiwa na haki

Msifunge mlango wa kanisa kwa kufuli. Msitumie mahubiri kumjibu mtu asiyeweza kujibu. Msizuie sadaka ili kumshinda mchungaji kwa njaa. Msinyime familia mazishi, ubatizo au ziara ya mgonjwa kwa sababu ya ugomvi wa baba yao na baraza. Msiweke kumbukumbu za kikao kwenye kundi la WhatsApp.

Mchungaji, siku moja utapakia vitu vyako kwenye lori. Waachie wazee vitabu vilivyo sawa. Mzee, siku hiyo mshike mkono, umwombee njia, na umwandalie anayekuja ukweli wote mezani. Kabla ya kikao chenu kijacho, chukueni ukurasa mmoja, choreni safu nne, na mwanze kuujaza leo, kungali na amani.